Ugali chini ya godoro: "Mume wangu anasema tabia ya mtoto huyu iko kwenye damu"

Shikamoo Mwalimu,

Naandika usiku, watoto wameshalala na baba watoto hajarudi gereji. Naomba unisomee yote, maana sina mtu wa kumwambia. Nikimwambia jirani mmoja leo, kesho wateja wangu wote watakuwa wanajua.

Naishi Uyole. Nina genge la viazi, nyanya na mboga upande wa barabara ya kwenda Tukuyu, na mume wangu ni fundi magari. Tuna binti wa miaka 12 na wa kiume wa miaka 7. Februari mwaka huu nilimchukua mtoto wa marehemu mdogo wangu. Mdogo wangu aliishi Tunduma, alikuwa anawauzia chakula madereva wa malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Alikuwa anatoka saa kumi alfajiri kwenda kuwasha jiko na kurudi usiku. Mtoto anabaki uani na watoto wa wapangaji wengine, akila kwa yeyote aliyepika.

Mdogo wangu alifariki miaka miwili na nusu iliyopita. Msibani wazee walisema mtoto ni wa upande wa baba yake, basi nikanyamaza, nami nilikuwa nimejifungua mtoto ambaye hakukaa, sikuwa na nguvu ya kubishana. Kumbe baba mwenyewe alishaenda Zambia na hajulikani alipo. Mtoto akakaa miezi michache kwa rafiki wa mama yake, akapelekwa kwa shangazi yake Mlowo, akarudishwa Tunduma kwa baba yake mdogo, kisha kwa bibi mmoja wa ukoo ambaye hata udugu wao siuelewi. Nilipomfuata nilimkuta stendi anabeba mizigo ya abiria. Ana miaka 10, yuko darasa la tatu.

Wiki za mwanzo alikuwa mpole mpaka nikawa namsifia kwa watu. Anaosha vyombo bila kutumwa, shikamoo kila anapokuona. Aprili ndipo mambo yalipoanza. Siku hiyo nafagia, naona sisimizi wamejipanga kutoka mlangoni mpaka chini ya kitanda cha wavulana. Nikainua godoro. Nilikuta matonge ya ugali yamekauka kama mawe, nusu chapati, na viazi vya kuchemsha vimeota ukungu. Kila kimoja kimefungwa peke yake kwa karatasi ya daftari. Mwalimu, nyumba yangu haina njaa. Hatuli vya kifahari lakini tunakula mara tatu. Nilikaa pale kitandani nikalia, nikajiona kama mtu anayemnyima yatima.

Baada ya hapo hela za genge zikaanza kupungua. Leo mia tano, keshokutwa elfu moja. Nikimuuliza ananiangalia usoni na kusema hajui. Mwezi uliopita nilizikuta kwenye soksi yake, shilingi 6,500, hajatumia hata senti. Mume wangu alimchapa mkanda. Hakulia. Alisimama tu, akasubiri iishe. Mume wangu akaniambia, "Umeona? Huyu ameshakuwa sugu."

Anapigana shuleni. Anajua matusi ambayo mimi mtu mzima nayaonea aibu. Usiku wakati mwingine analala na viatu, na nguo zake hataki kuziweka kabatini, ziko kwenye kibegi chake siku zote. Hayo ni madogo, nayataja tu.

Kilichonivunja moyo ni mwanangu. Wiki mbili zilizopita mwalimu wake aliniita, amempiga mwenzake kwa fimbo na kumwambia maneno machafu. Jioni yake nikakuta nusu andazi chini ya mto wake. Mama mkwe amesema mtoto wa nyoka ni nyoka, mdogo wangu hakuwa ametulia na mtoto ameyanyonya kwenye ziwa. Mume wangu si mtu mbaya, ndiye anayemlipia kila kitu, lakini sasa anasema shule zikifungwa Desemba tuchague: aende shule ya bweni yenye adhabu kali, au arudi kwa baba yake mdogo, ambaye amekuwa akipiga simu kwamba anamhitaji amsaidie kazi.

Mwalimu, kweli tabia iko kwenye damu? Mtoto wa miaka 10 bado anaweza kubadilika au nimechelewa? Na je, kwa kumwokoa mtoto wa mdogo wangu ninampoteza wa kwangu?

Mama Mkubwa, Uyole

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mdogo wako, na pole kwa yule mtoto wako uliyemtaja kwa sentensi moja tu. Ulizika wawili kwa wakati mmoja, na naona hakuna aliyekuuliza unaendeleaje.

Nianze na jambo uliloliita dogo. Umeniandikia kuhusu ugali, hela na matusi kwa kirefu, halafu kibegi na viatu ukavipitia kama mtu anayekimbilia basi. Mimi nimerudi hapo mara tatu. Mtoto yuko kwako mwezi wa tisa na nguo zake bado ziko kwenye begi. Usiku analala na viatu. Hesabu nyumba alizopita tangu mama yake afariki: rafiki wa mama, shangazi, baba mdogo, bibi. Nyumba nne. Nina hakika hakuna hata moja alikoambiwa wiki moja kabla kwamba "utahama tarehe fulani, utakwenda kwa fulani, kwa sababu hii". Aliamshwa tu, akaambiwa chukua vitu vyako. Anayeamshwa hivyo mara nne hujifunza kulala tayari.

Sasa chukua jicho hilohilo uangalie ugali. Mtoto aliyezoea kwamba chakula ni cha siku hiyo, kwamba leo kuna aliyepika na kesho huenda hakuna, akipewa tonge mbili atakula moja na kuficha moja. Huko alikotoka hiyo ilikuwa akili, na ilimfikisha hai mpaka Februari ulipomkuta stendi. Umesema kila tonge limefungwa kwa karatasi yake. Mwizi wa chakula hula akamaliza. Huyu alikuwa anaweka akiba kama wewe unavyoweka mahindi ya mwaka.

Hela nazo hazikutumika. Umewahi kumwona mtoto wa miaka 10 mwenye 6,500 mfukoni akapita mbele ya maandazi ya moto kwa wiki kadhaa bila kununua? Sitaki kuapa juu ya kilicho moyoni mwa mtoto nisiyemjua, lakini nadhani ile ilikuwa nauli. Alikuwa anajiandaa kwa siku mtakapomwambia achukue vitu vyake, na safari hii asilazimike kuanza na kubeba mizigo. Ndiyo maana hata mkanda haukumtoa chozi. Aliusubiri uishe, kama ulivyosema mwenyewe, kwa sababu kwake ulikuwa jambo lililotarajiwa.

Kuna jaribio la watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, lililochapishwa mwaka 2013, ambalo nalipenda kwa sababu ni dogo na linaeleweka na kila mama. Walikuwa na watoto 28 wa umri wa chekechea. Kwanza waliwapa kazi ya kuchora kwa kalamu za rangi zilizochakaa, wakaahidiwa kwamba mkubwa anakwenda kuwaletea nzuri zaidi. Nusu ya watoto waliletewa kweli. Nusu nyingine mkubwa alirudi mikono mitupu: samahani, kumbe hazipo. Baadaye kila mtoto aliwekewa pipi laini mezani, akaambiwa akisubiri bila kuila atapata ya pili. Wale waliotimiziwa ahadi walisubiri kwa wastani wa dakika 12. Wale waliodanganywa walisubiri kama dakika tatu. Kati ya 14 waliotimiziwa, tisa walivumilia dakika zote 15. Upande wa pili alivumilia mmoja tu.

Watoto hao waligawanywa bila kuangalia ukoo wala malezi. Kilichowatofautisha ni mtu mzima mmoja kushindwa kutimiza ahadi ndani ya chumba kimoja, muda mfupi uliotangulia. Wa kwako amevunjiwa ahadi na nyumba nne, na kabla ya hapo na kifo chenyewe.

Umeniuliza juu ya damu. Sitakudanganya kwamba damu haina neno. Wewe mwenyewe umezaa wawili, tumbo moja, nyumba moja, na nina hakika hawafanani. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba hulka, yaani mtu kuwa mpole au mwepesi wa hasira, mwenye haya au mchangamfu, kwa sehemu hurithiwa. Kama mdogo wako alikuwa mwepesi wa moyo, huenda mtoto amechukua hilo. Lakini hakuna damu inayomfundisha mtu kufunga ugali kwenye karatasi ya daftari. Hakuna anayezaliwa na matusi ya stendi. Hayo yalisikika mahali, yakafanya kazi mahali, yakabaki. Mama mkwe wako anamsema marehemu asiyeweza kujitetea. Mimi katika barua yako nimeona mwanamke aliyetoka saa kumi alfajiri kila siku ili mtoto ale. Mwambie mwanawe hivyo. Mwambie mara nyingi.

Wazee wetu walijua habari ya mazingira kabla ya watafiti. Mimi nimezaliwa Rungwe. Zamani huku Unyakyusa mvulana akifika miaka kama 10 au 11, umri huohuo wa mtoto wako, alikuwa hakai tena kulala nyumbani kwa baba. Alikwenda na wa rika lake pembeni ya kijiji, wakajijengea vibanda vyao, wakalala huko, wakakua pamoja mpaka pale pakawa kijiji chao na wake zao. Waliamini mtu anapata adabu na maarifa kwa kukaa na wenzake, kuzungumza, kucheka, kushirikiana. Tunaita *ukwangala*. Watu wengi wakisikia habari hii wanashika sehemu hiyo tu, kwamba rika ndilo lililomlea mtoto. Mimi huwa nawaambia wasikilize na nusu ya pili. Wale wavulana walikuwa wanakwenda kula kwa mama zao, tena kwa makundi: leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Na shamba la baba walilima. Uhuru wote ule ulikuwa umeegemea jiko lisilozimika. Huyu wako alipata rika la stendi bila jiko la mama nyuma yake. Tofauti iko hapo, na ndiyo sehemu ambayo wewe unaweza kuirudisha.

Sasa nizungumze na baba watoto, na ukiona vema msomee mwenyewe. Baba, kwanza asante kwa kumlipia mtoto asiye wa damu yako. Wewe ni fundi. Gari likiingia gereji linagonga chini, unauliza lilikuwa linapita barabara gani. Kama lilikuwa linabeba viazi kutoka vijijini kwenye makorongo, hushangai kwamba limechoka, wala husemi limezaliwa bovu. Nakuomba umpe mtoto huyu swali hilohilo.

Na kuhusu mkanda, nitasema kwa heshima lakini nitasema. Mwaka 1961 Albert Bandura na wenzake pale Stanford waliwachukua watoto 72 wa chekechea. Baadhi yao walimtazama mtu mzima akilipiga sanamu kubwa la mpira, akilirusha, akiligonga kwa nyundo, akilitamkia maneno ya ukali. Walipopelekwa baadaye kwenye chumba chenye sanamu kama lile, wengi wa watoto wale walifanya kama walivyoona, wengine mpaka kurudia maneno yaleyale. Hakuna aliyewafundisha. Walitazama tu. Mwanao wa miaka 7 alikuwepo mkanda ulipotembea? Mama hakuandika, lakini chumba cha wavulana ni kimoja. Andazi chini ya mto bila shaka amejifunza kwa kaka yake. Matusi pia. Fimbo sina hakika ameitoa kwa nani.

Sisemi hivyo kwa kujiona safi. Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu mpya, shule moja kwenye maeneo ya chai. Kulikuwa na mvulana anayewaibia wenzake viazi vya kuchemsha walivyokuja navyo kwenye mifuko. Nilimsimamisha mstarini asubuhi, mbele ya shule nzima, na viazi mkononi. Nilichapa, nikaona nimefundisha. Jumatatu hakuja. Nilipokwenda kwao baada ya wiki mbili nilikuta mlango umefungwa kwa kamba, jirani akaniambia mama yake amelazwa muda mrefu na watoto walikuwa wanaishi peke yao. Alikuwa anawapelekea wadogo zake vile viazi. Sikumpata tena. Mwanangu, ninapokuambia usimwaibishe mbele ya watu, nina sababu.

Tuje kwenye kufanya. Sitakupa mambo mengi kwa sababu una genge, una mume, una watoto watatu na saa ni zilezile.

Chakula kwanza, maana hapo ndipo pepesi zaidi na panapoponya haraka. Usimkataze kuweka akiba. Mpe mahali pa kuiweka. Tafuta ndoo ndogo yenye mfuniko, iweke mahali anapofika mwenyewe, utie karanga za kukaanga, au mahindi ya kukaanga, au ndizi mbivu. Mwambie, "Hii ni yako. Ikiisha niambie, nitajaza." Na ikiisha ijaze, hata kama ameimaliza kwa siku moja, hata kama umekasirika. Mwanzoni ataimaliza haraka sana, ataona kama ni mtego. Baadhi ya watu watakuambia unamdekeza. Waache. Unamfundisha kwa vitendo kitu ambacho maneno yako miezi tisa hayajaweza kumfundisha, kwamba jiko la nyumba hii halizimiki. Jioni mkimaliza kula, mwambie kesho asubuhi mtakula nini. Uji na viazi. Asubuhi viwe uji na viazi. Nimeona watoto wakitulia kwa kitu hicho tu, kujua kesho kuna nini.

Watoto wako wengine nao wapate ndoo yao. Wasione mmoja ana chake.

Hela: usimuulize swali ambalo jibu lake unalijua. Ukimwuliza "umechukua?" na hela umeziona kwenye soksi, umemfungulia mlango wa kudanganya, naye anauingia kwa sababu huko nyuma kukiri kulimaanisha kipigo au kufukuzwa. Sema unachojua, kwa sauti ya chini, mkiwa wawili: "Nimekuta elfu sita na mia tano. Ni za genge. Tutazirudisha pamoja." Halafu afanye kazi gengeni Jumamosi kadhaa, apange viazi kwenye sado, ahesabu chenji mbele yako, na kila wiki akate deni lake. Akimaliza, mpe kidogo kiwe chake kwa haki. Mkono uliokuwa unaficha hela upate kuzihesabu mchana mbele ya watu. Na katika siku hizo, mkiwa mnapanga nyanya, muulize alikuwa anataka kwenda wapi. Usimlazimishe ajibu.

Ngumi na matusi vitachukua muda mrefu zaidi na sitakupa ahadi. Nenda kwa mwalimu wake wa darasa, usiende kujitetea, mweleze kwa ufupi alikopita mtoto. Walimu wana watoto wengi darasani, hawawezi kujua wasipoambiwa. Mwalimu akijua, atamwita pembeni badala ya kumsimamisha mbele ya darasa, na hiyo pekee inaweza kupunguza nusu ya magomvi. Nyumbani neno chafu likitoka, lisahihishe palepale kwa sentensi moja na uendelee na kazi. Ukisimamisha nyumba nzima kwa ajili ya tusi, umelipa tusi nguvu.

Mwanao wa miaka 7 ndiye aliyekufanya uniandikie, najua. Umejiuliza kama unampoteza. Jibu langu ni hapana, na ushahidi umeuleta mwenyewe: kama mtoto ananakili kwa haraka hivi kutoka kwa mmoja, basi wote wawili wananakili, na binti yako wa miaka 12 yuko humo ndani. Lakini kijana wako amepoteza kitu. Alikuwa mtoto wa mwisho, sasa kuna mtu kitandani kwake na mama anazungumzia mtu huyo kutwa nzima. Andazi chini ya mto huenda lilikuwa linasema: mimi je? Mtengee muda wake peke yake. Mchukue mwende sokoni Mwanjelwa mara moja kwa wiki, wewe na yeye tu, abebe kikapu. Inatosha.

Bweni nalikataa moja kwa moja. Kwa mtoto huyu bweni ni nyumba nyingine tena, na atafika huko na kibegi chake akiwa na uthibitisho kwamba alikuwa sahihi kutotoa vitu ndani yake. Tena yuko darasa la tatu, na mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilitoa waraka wa kusitisha bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kwa sababu umri huo mtoto anahitaji kulelewa na familia. Kumrudisha kwa baba mdogo anayemtaka "amsaidie kazi" sitaki hata kulijadili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema jambo la kwanza kuangaliwa ni maslahi ya mtoto, sio ya anayetafuta mbebaji. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, ueleze umekaa naye tangu Februari, uombe wakuelekeze namna ya kuweka malezi yako kimaandishi, ili simu za baba mdogo zisiwe zinamtisha mtoto wala wewe. Na mkikwama usiku au siku ya sikukuu, namba 116 ni ya huduma ya simu kwa mtoto, haina malipo, na mzazi pia anaruhusiwa kupiga.

Umeuliza kama miaka 10 ni kuchelewa. Si kuchelewa, lakini haitakwenda kwa mstari ulionyooka. Atapata nafuu wiki tatu, halafu utakuta tena tonge chini ya godoro, pengine Desemba shule zikifungwa, kwa sababu ni mwezi wa kuhamishwahamishwa. Au siku mtakapokwenda msibani. Usione kazi yote imepotea. Na ule upole wa wiki za mwanzo uliokuwa unausifia kwa watu, nadhani ulikuwa woga wa mgeni. Siku atakapokununia kwa sababu umemnyima kwenda kucheza, akabamiza mlango, kisha akaja kula bila kuomba radhi, utakasirika, na una haki. Lakini mtoto hamnunii mtu anayedhani atamfukuza.

Neno moja kuhusu mama yake. Kwenye barua yako hakuna mahali mtoto amemlilia. Ametoka msibani akaingia kwenye kuhamishwa, hakupata pa kulilia. Kama una picha yake, hata ile ya kitambulisho, iweke mahali anapoiona. Mweleze alivyokuwa mdogo, alipenda kula nini, alicheka vipi, mlivyogombana. Kaburi liko wapi? Desemba hiyohiyo mnayoigombania, mpelekeni akaone, mpalilie pamoja. Siku mbili kabla ya safari mwambie mnakwenda lini, na mnarudi lini, nyote, Uyole. Rudia hiyo sehemu ya kurudi mpaka uchoke. Baba watoto aende naye, itamfaa kuliko barua yangu.

Jumamosi hii mwambie baba watoto apigilie misumari mitatu ukutani chumbani kwa wavulana, kimo cha mkono wa mtoto, na kijana huyo amshikie misumari. Mmoja wa mdogo wake, mmoja wa sweta lake la shule, mmoja wa kibegi. Kabatini mwachie rafu tupu, mwonyeshe kwamba ni yake, basi. Begi usiligusie wala usimhimize, hata kama rafu itakaa tupu mpaka baridi ya Juni. Siku utakayokuta shati moja limewekwa pale, niandikie.